Mwaka wa pili chuo: semista moja Ujerumani, kuanza upya China, au nimalize kwanza hapa? Nishaurini wakuu

#1 Kibirizi_Boy
Habari za muda huu wakuu. Nipo mwaka wa pili chuo Dar, nasoma viumbe maji na uvuvi, nyumbani ni Kibirizi Kigoma na sasa hivi nipo huku likizo. Idara yetu ilitangaza nafasi mbili za kwenda kusoma semista moja Ujerumani kwa mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, unasoma kule Aprili mpaka mwezi wa saba mwishoni halafu unarudi kumalizia digrii hapa hapa. Nimeomba, nimepita mchujo wa kwanza.

Sasa nimeleta habari nyumbani imekuwa kikao cha ukoo. Baba mdogo yupo Guangzhou anafanya biashara, anasema semista moja ni utalii, achana na hicho chuo njoo uanze upya China utoke na digrii ya nje kamili. Mzee wangu anasema maliza kwanza hapa, nje utaenda masta. Mama anasema niende popote ila nirudi. Na hapo hapo mzee akasema kama ni lazima basi atauza mashine ya boti, ndiyo imenikosesha usingizi maana hiyo mashine ndiyo inatulisha. Mwenye uzoefu naomba aseme ukweli, dedilaini ya kuthibitisha ni wiki mbili.

#2 Mzee wa Gungu
Ngoja waje wajuzi. Mimi nipo pembeni na migebuka yangu.

#3 IsevyaStend
Dogo nenda China usiulize mara mbili. Angalia reli ya SGR kipande cha Tabora Kigoma nani anajenga, Wachina. Kile cha Uvinza kwenda Musongati Burundi, Wachina. Mtu anayejua Kichina huku kanda ya magharibi anakula vizuri, nina jamaa yangu hapa Tabora kidato cha nne tu lakini anatafsiri kambini analipwa kuliko afisa kilimo. Ujerumani utarudi na picha za theluji.

#4 Mhandisi_Mtoro
IsevyaStend unachanganya mambo mawili. Kujua Kichina na kuanza digrii upya China siyo kitu kimoja. Kichina kinafundishwa hapa nchini, Taasisi ya Confucius ipo UDSM na ipo UDOM tangu 2013, dogo yupo Dar anaweza kujifunza jioni bila kupoteza mwaka hata mmoja.

Halafu mleta mada, swali la kwanza kwa baba mdogo ni nani analipa? Kama ni skolashipu ya serikali ya China, ile ya CSC, digrii ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 25, masomo mengi yanafundishwa kwa Kichina kwa hiyo unaanza na mwaka wa lugha, wanalipa ada na hosteli na posho yuan 2,500 kwa mwezi. Hiyo ni ofa ya maana. Ila hesabu: mwaka mmoja lugha, minne digrii, na miwili uliyosoma hapa inakwenda na maji. Wenzako watakuwa kazini wewe ndio unaandika risachi. Na kama siyo CSC bali ni "njoo nitakulipia", hiyo tuijadili vizuri.

#5 Kibirizi_Boy
Mkuu ni hiyo ya njoo nitakulipia. Anasema mwaka wa kwanza atalipa yeye, baada ya hapo nitakuwa nimeshajua mji nitajilipia mwenyewe kwa kununulia watu mizigo.

#6 Mhandisi_Mtoro
🤣🤣🤣 Nilijua. Kwa hiyo unapelekwa kuwa karani wa duka. Viza ya mwanafunzi kule haikuruhusu kufanya biashara wala kazi ya nje ya chuo bila kibali, wakikukamata unarudishwa na digrii huna. Siwasemi vibaya wafanyabiashara wetu wa Guangzhou wanapambana, lakini mwambie akuwekee hela ya miaka yote kwenye akaunti uione ndipo mzungumze.

#7 KaliuaJankisheni
Nyie mnamtisha dogo. Watu wakubwa wote wamesoma nje. Nyerere mwenyewe alitoka Tabora Boys moja kwa moja akaenda Edinburgh, angebaki hapa kumaliza kwanza tungepata uhuru lini?

#8 BintiUjiji
Salaam. Mimi nilikwenda semista moja Ujerumani nikiwa chuo, mji na vyuo naviweka kapuni. Nikwambie yale ambayo kwenye tangazo hayapo.

Hela. Ufadhili wa Erasmus+ kwa anayetoka huku kwenda kule unacheza kwenye euro 800 mpaka 900 kwa mwezi kutegemea nchi, na nauli wanachangia kwa kuangalia umbali. Ukizidisha kwa shilingi unaona umetajirika. Lakini kwetu haikuingia tukiwa Dar, iliingia baada ya kufika na kufungua akaunti ya benki ya kule, na benki wanataka karatasi ya kusajili makazi, na hiyo karatasi unaipata manispaa ukiwa na saini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakupi saini wala ufunguo mpaka umelipa dhamana ya chumba. Sasa dhamana unalipa na nini wakati hela haijaingia? Hapo ndipo watu wanapiga simu nyumbani usiku wanalia. Kwa hiyo hata kama safari imelipiwa, unahitaji hela mkononi ya mwezi wa kwanza na dhamana. Hiyo ndiyo ya kumwambia mzee, na siyo hela ya kuuza mashine, inachangishika.

Bima ya afya ni lazima, bila hiyo hawakusajili chuo. Kuna ada ya semista kila mwanafunzi analipa hata wa kubadilishana mara nyingi, lakini vyuo vingi humo humo ndani kuna tiketi ya basi na treni kwa hiyo usiichukie. Halafu siku moja unakuta barua kwenye kisanduku inakudai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni. Huna redio, huna televisheni, unadaiwa. Inahesabiwa kwa nyumba siyo kwa kichwa kwa hiyo mkikaa wengi mnagawana, ila wengi wetu tuliitupa tukadhani ni matangazo, deni likawa linakua.

Chakula kantini ya chuo ni nafuu, nguruwe anaandikwa kwenye menyu kwa hiyo wenzangu Waislamu unasoma unaamua. Unga wa mahindi upo kwenye maduka ya Waafrika na Waturuki. Upweke upo, sidanganyi, wiki za mwanzo hakuna anayekusalimia kwenye basi, unaona kama umemkosea mtu.

Sasa kubwa kuliko yote ni masomo kutambuliwa ukirudi. Kabla hujaondoka mnasainiana mkataba wa masomo, wewe na chuo chako na chuo cha kule, kwamba somo hili la kule litahesabika badala ya hili la huku. Nilipofika somo moja kati ya niliyosainia likawa linafundishwa kwa Kijerumani, nikabadilisha wiki ya pili, kule wakasaini siku hiyo hiyo. Huku barua pepe ilikaa ofisini haikujibiwa. Nimerudi naambiwa somo halilingani, nikakaa darasani na wadogo zangu kulisoma upya wakati alama za kule ninazo mkononi. Kwa hiyo kila badiliko litafutie saini ya pande zote tatu hata kama ni kumtuma rafiki yako asimame mlangoni mwa ofisi mpaka wasaini.

Ningeulizwa leo kama ningeenda tena, ningeenda.

#9 Mzee wa Gungu
BintiUjiji umetema madini. Hiyo ya kusimama mlangoni mwa ofisi nimeicheka lakini ndiyo Tanzania yetu.

#10 Mwalimu_Ipuli
Nirudi kwa KaliuaJankisheni #7 maana historia ikiachwa hivi hivi inakuwa chai. Nyerere aliingia shule ya serikali Tabora 1937, kutoka hapo alikwenda Makerere 1943 akasoma ualimu, akarudi Tabora akafundisha St. Mary's, ndipo 1949 akaenda Edinburgh na akamaliza M.A. yake 1952. Alipoondoka alikuwa mtu mzima wa miaka 27 mwenye cheti na kazi. Kwa hiyo mfano wako unamsaidia mzee wa Kibirizi, haumsaidii baba mdogo.

#11 KaliuaJankisheni
Sasa Makerere siyo nje? Uganda ni Tanganyika? Mwalimu umejichapa mwenyewe.

#12 Mwalimu_Ipuli
Hapo umenipata kidogo 😀. Ila wakati ule Afrika Mashariki yote ya Mwingereza chuo chetu kilikuwa hicho kimoja, hukuwa na pa kuchagua.

#13 FundiReli
Kwani lazima Ujerumani na China? Mbona Norway bure kabisa, hata ukitoka mwezini hawakutozi ada, serikali yao ina mafuta. Dogo amalize hapa aende Norway masta bure.

#14 Mhandisi_Mtoro
FundiReli hiyo ni habari ya zamani. Norway kuanzia 2023 mtu wa nje ya Ulaya analipa ada, na siyo ndogo. Denmark walianza 2006, Sweden 2011, Finland 2017, mmoja mmoja wamefunga mlango. Ujerumani ndiyo vyuo vya serikali vingi bado havitozi ada hata kwa mgeni, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kila semista tangu 2017. Dogo wa kubadilishana hayamhusu hayo ya ada, anaendelea kulipa chuo chake hapa.

Ila "bure" ya Ujerumani nayo ina mlango wake. Ukienda kwa hela yako bila ufadhili, ubalozi unataka akaunti iliyofungiwa yenye euro 11,904 za mwaka mzima, wanakuachia 992 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 taslimu kabla hujapanda ndege. Kwa mwenye ufadhili, barua ya ufadhili ndiyo inasimama hapo, hakikisha imeandika kiasi kwa mwezi, kikiwa chini ya hiyo 992 wanaweza kukuuliza tofauti inatoka wapi.

#15 Mkongwe wa Nzega
Vijana hamjambo. Mimi nilisoma Moscow, Chuo cha Patrice Lumumba, miaka ya themanini. Baadaye wakakiondolea jina 1992, naona 2023 wamelirudisha. Mwaka wa kwanza lugha tu, unaamka na Kirusi unalala na Kirusi, walimu wenyewe kina mama wakali wanakupenda. Nataka kusema jambo moja. Sisi hatukuwa na swali la niende wapi. Serikali inakutaja, unapewa koti, unaondoka. Ukirudi kazi ipo inakusubiri kwa sababu wao ndio waliokutuma. Ninyi mnajituma wenyewe, hakuna anayekusubiri, ndiyo maana mnaumwa kichwa. Baba yako anayesema maliza kwanza anajua hilo hata kama hakukwambia kwa maneno haya.

#16 Kibirizi_Boy
Shikamoo mzee. Hapo umegusa, mzee huwa anasema "ukirudi utamwambia nani".

#17 Dokta_Mtarajiwa
Naongezea kwa wanaoshabikia kuanza upya nje. Kuna karatasi watu hawaifikirii. Kwenda kusoma digrii nje TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanatoa hati ya kutokuwa na pingamizi kabla hujaenda, na ukirudi cheti chako kinapitia TCU kutambuliwa, na kwa sisi wa afya kuna mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya intaneshipu. Nina classmate wangu wa O level Kasulu alipelekwa na wakala kwenye chuo cha nchi sitaitaja, amerudi na cheti kizuri kina muhuri wa dhahabu, mpaka leo anazunguka nacho. Wakala simu haipatikani.

Na dunia nayo haitabiriki. Waliokuwa China walirudi likizo mwanzoni mwa 2020 wakakwama nyumbani mpaka 2022 wanasoma udaktari kwenye simu. Februari 2022 Ukraine. Aprili 2023 Khartoum, Watanzania zaidi ya mia mbili walirudishwa na wengi walikuwa wanafunzi. Wa semista moja anarudi anaendelea na chuo chake. Wa miaka mitano anaanzia wapi?

#18 IsevyaStend
Dokta kwa hiyo tukae tu tusiende popote kwa sababu vita inaweza kutokea? Hata basi la Tabora Mpanda linaweza kupinduka.

#19 Kasulu_Mjini
Mimi nataka kuuliza tofauti kidogo. Hizi nafasi za Erasmus ukiangalia majina ya waliopita kila mwaka, watoto wa Dar, Arusha, Moshi. Sisi wa mwisho wa reli ni nadra. Kwa nini?

#20 FundiReli
Upendeleo. Jibu fupi.

#21 BintiUjiji
Siyo upendeleo tu. Mwaka wetu tangazo lilikaa kwenye tovuti, dedilaini fupi, na walitaka pasipoti tayari mkononi. Pasipoti ni 150,000 na kabla yake unahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, sasa wengi wetu vyeti vya kuzaliwa vimeanza kutafutwa tukiwa form six. Mtoto wa Masaki pasipoti anayo tangu chekechea. Nafasi ilishapotea hapo kabla hata hujaandika barua ya maombi.

#22 Mwalimu_Ipuli
Mimi nafundisha, naona kingine. Wanafunzi wetu wakiona "andika kwa nini unastahili" wanaandika "mimi ni maskini nisaidieni". Wenzao wanaandika walichofanya. Dogo hapa mtoto wa mvuvi anayesoma uvuvi ana hadithi ambayo mtoto wa Masaki hawezi kuinunua, lakini naweka dau kwenye barua yake hakuandika kwamba amewahi kuvua.

#23 Kibirizi_Boy
Mwalimu umejuaje 😅 nimeandika "I am hardworking".

#24 Kasulu_Mjini
Mnaongea kama hela siyo tatizo. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni elfu kumi kwa siku, mtu analipa chumba, anakula, anatuma nyumbani, hiyo laki na nusu ya pasipoti aitoe wapi kwa kubahatisha? Tajiri anaomba nafasi kumi anapata moja. Sisi tunaomba moja tunakosa tunasema Mungu hakupanga.

#25 Buhigwe_Mpakani
Wakuu mbona mnaruka jirani. Kwa mtu wa Kigoma nje ya kwanza ni Bujumbura. Unapita Manyovu, mchana upo mjini. Lugha? Mha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Burundi ipo Jumuiya tangu 2007 na nchi za Jumuiya zilitangaza 2017 kwamba elimu ya juu ni eneo moja. Ziwa ni hilo hilo moja analosomea, samaki ni wale wale. Aende akasome semista pale kwa hela ya dagaa.

#26 Mhandisi_Mtoro
Kirundi atakisikia sokoni. Darasani ni Kifaransa mkuu, na Kifaransa hujawahi kukisikia Kibirizi.

#27 Buhigwe_Mpakani
Na Ujerumani darasani ni Kiha?

#28 Mzee wa Gungu
🤣🤣🤣 kula tano Buhigwe.

#29 Mwambao_T
Nimepita kimya kimya toka mwanzo ila hii ya ziwa imenitoa. Nafanya kazi za utafiti wa samaki huku Kigoma. Jamani wazungu ndio wanakuja kusoma KWETU. Ziwa Tanganyika kina chake ni karibu mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, samaki wengi waliomo hawapo kokote kwingine. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili kulikuwa na Nyanza Project, wanafunzi wa Marekani wanakuja Kigoma kila mwaka kipindi cha likizo yao, wanakaa hapa na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wanajifunza ziwa, na wanafunzi wa kwetu wachache waliingia humo humo. Gombe nako kabla ya hapo walikuwepo wanafunzi wa Stanford, mpaka Mei 1975 waasi walipovuka kutoka Zaire wakawateka watu wanne usiku, wakaachiwa baadaye, ndipo Stanford wakaacha kuleta watoto wao.

Ninachosema dogo asiende Ujerumani kujifunza samaki. Samaki anao nyuma ya nyumba. Aende kujifunza vitu ambavyo huku maabara haina, kupima vinasaba, kuchakata data, kutumia mashine ambazo hapa ukiiharibu moja mradi umekufa. Achague masomo kwa jicho hilo. Akichagua "utangulizi wa uvuvi" kwa kuwa ni rahisi kupata A basi baba mdogo atakuwa sahihi kwamba ni utalii.

#30 Kibirizi_Boy
Mwambao_T asante sana, nakuja PM. Maswali mawili kwa BintiUjiji: bumu linakuwaje ukiwa kule, na fildi, yale mafunzo ya vitendo? Sisi fildi ni baada ya mwaka wa pili mwezi wa nane, na kule naambiwa mitihani inaweza kufika Agosti.

#31 BintiUjiji
Bumu: kabla hujaondoka nenda kwa afisa mikopo wa chuo na barua ya idara inayoonyesha bado ni mwanafunzi wa mwaka huo, upo kule kwa mpango wa chuo, siyo umeahirisha masomo. Usikubali kuandikwa umeahirisha, hilo neno likishaingia kwenye mfumo kulitoa ni kazi. Na kumbuka mkopo unakusubiri, ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa iwe umesoma Berlin au Bangwe.

Fildi: omba kwa maandishi ufanye baadaye au ufanyie kule. Wengine maabara za kule ziliwapokea.

Krediti: mfumo wa TCU mwaka ni krediti 120, digrii ya miaka mitatu 360, krediti moja saa 10. Wao mwaka ni 60, semista 30, moja saa 25 mpaka 30. Kwa hiyo 30 za kule ni kama 60 za kwetu, semista nzima. Lakini ofisini kuna mtu ataona 30 atakwambia umesoma nusu. Nenda na karatasi ya maelezo imechapwa.

#32 Tumbaku_Urambo
Naona mnazunguka, hakuna aliyesema sababu ya kweli ya mzee kukataa. Anaogopa dogo atazamia. Mtoto wa kwanza chuo, ndiye tegemeo, aende Ulaya aone euro arudi Kibirizi kufanya nini?

#33 Kasulu_Mjini
Hapana, mzee anaogopa aibu. Ukoo wote umeshajua, akienda akirudi bila kitu, wataongea mpaka sokoni Mwanga.

#34 Mwambao_T
Mimi nahisi ni hela tu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu boti juu ya mchanga, familia za wavuvi zilikula akiba zote. Mtu aliyepita hapo ukimwambia gharama ya kitu chochote anasema kwanza hapana ndipo anafikiria. Na angalia vizuri, aliyesema hapana ndiye huyo huyo aliyesema atauza mashine. Huyo mzee hajakataa.

#35 Tumbaku_Urambo
Mna majibu mengi kuliko mzee mwenyewe 😀

#36 Mkongwe wa Nzega
Mashine isiuzwe. Hilo tu nalikazia.

#37 Mhandisi_Mtoro
Naunga mkono. Na hoja ya "utaenda masta" msiidharau, skolashipu za DAAD ya Ujerumani na Chevening ya Uingereza zote zinalipa karibu kila kitu, lakini Chevening na zile programu nyingi za DAAD za nchi zinazoendelea wanataka miaka miwili ya uzoefu wa kazi. Sasa kazi yenyewe ndiyo hiyo haipatikani, watu wanakaa mtaani miaka mitatu wanatafuta uzoefu wa miwili. Aliyewahi kutoka semista moja angalau CV yake ina mstari wa kuanzia.

#38 Mwalimu_Ipuli
Au unajitolea shuleni kwangu, nakuandikia barua. Hesabu hatuna mwalimu.

#39 Isike_wa_Pili
Kwa faida ya watu wa Unyamwezi, ubalozi wa Ujerumani Dar upo jengo la Umoja House, mtaa wa Mirambo. Yaani mtoto wa Urambo hata viza unaombea kwa babu yako. Miadi omba mapema, usisubiri tiketi.

#40 KaliuaJankisheni
Waha mkafanye viza mtaa gani sasa 😂

#41 Buhigwe_Mpakani
Sisi tunao Liemba, Wajerumani walituletea meli 1913 kwa vipande vipande tukaiunga, hatuwadai wala hawatudai.

#42 Mwalimu_Ipuli
Iliundwa kule 1913, huku ikaunganishwa na kuingia majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, Mwingereza akaiibua 1924. "Tukaiunga" ni nani mkuu?

#43 Buhigwe_Mpakani
Mwalimu huwezi kulala bila kusahihisha?

#44 Nzega_Dada
Samahani naingilia, mdogo wangu kamaliza form six, kuna mtu anadai 400,000 amjazie fomu za skolashipu ya Uturuki. Ni kweli?

#45 Dokta_Mtarajiwa
Usitoe hata mia. Türkiye Bursları kuomba ni bure, unajaza mwenyewe mtandaoni, dirisha huwa linafunguliwa Januari 10 mpaka Februari 20. Ukipata unaanza na mwaka wa Kituruki. Anayedai hela ya fomu ni tapeli, mwambie akuonyeshe risiti ya ubalozi uone atakavyopotea.

#46 Kibirizi_Boy
Wakuu nimewasoma wote. Nimemwonyesha mzee post ya BintiUjiji na ya Mwambao_T, amesoma yote miwani imeshuka puani, akauliza "hiyo dhamana ya chumba wanarudisha?" Baba mdogo kanitumia voisi ndefu sijaifungua.

#47 BintiUjiji
Wanarudisha ukiondoka, ila picha kila ukuta siku unayoingia, na kila alama kwenye sakafu. Yangu walikata kwa doa ambalo nililikuta.

#48 FundiReli
Makoti ya baridi nunua mitumba hapo Mwanga, Kigoma hayana mteja, unapata bei ya kutupa.

#49 BintiUjiji
Aprili baridi inaelekea kuisha, koti jepesi linatosha. Nunua viatu visivyopitisha maji, na beba dagaa wakavu kilo mbili, wafunge vizuri.

#50 Mwambao_T
Dagaa uwanja wa ndege Ulaya? Samaki ukibeba angalia kwanza sheria za forodha zao, usije ukanyang'anywa.

#51 BintiUjiji
Samaki kwa matumizi yako wanaruhusu, ni nyama na maziwa ndiyo marufuku. Harufu ndiyo itakuletea kesi na mliokaa naye nyumba moja.